Eda ya Bi Tabia

Tangu arudi kutoka Bombei alikokwenda kutibiwa moyo, Muhiddin alipanda ngazi za nyumba yake ya Kiponda taratibu, mkono kifuani. Moyo uliozoea kwenda mbio sasa ulitulia mpaka ukamtia hofu. Alasiri moja aliwasimulia wenzake barazani: madaktari walimpiga umeme, moyo ukasimama, ukaanza upya.

Alipoingia ndani alimkuta mkewe, Bi Tabia, kajitanda nguo nyeupe za eda. Mke alipomwona tu, aliteremsha pazia.

"Nani kafa?"

"Wewe. Nshakusikia dirishani. Moyo ulisimama?"

"Ulisimama, lakini..."

"Basi ndoa imekatika. Usinitazame."

Muhiddin akakaa chini palepale.

"Sasa mimi nfanye nini, Tabia?"

"Eda ikisha, peleka posa kwa kaka yangu. Safari hii ntafikiri kwanza."