Mayai Yanapohamia kwa Mdogo Mtu

Fundi cherehani aliamka kabla ya mama yake, kama kawaida. Akakwangua kinyesi bandani, akabadilisha maranda kwenye viota, akasuuza chombo cha maji na kuwamwagia kuku pumba aliyochanganya na dagaa wa kusaga. Tetea mmoja mwenye shingo kipara, aliyebatizwa Mwanasheria kwa kuwa hakubali mwenzake aseme neno la mwisho, akapanda kiotani, akajikunja, akatulia, kisha akatetea kama aliyeshinda kesi. Fundi akapenyeza mkono chini yake. Yai lilikuwapo, la moto, lina unyevunyevu. Halafu halikuwapo. Kiganja kikabaki na joto lake.

Upande wa pili wa mji, jikoni kwa mdogo wake, yai hilo lilikuwa limeshatua kwenye bakuli.

Ilikuwa hivyo tangu mama yao ahamie kwa fundi, baada ya magoti kumgomea. Kuku wale fundi aliwalea tangu vifaranga, ndani ya boksi kando ya kitanda chake, akiamka kuwafunika wakilia baridi. Mdogo wake alikuwa karani wa benki na hajawahi kufuga hata chawa. Lakini mama alipoingia tu, mayai yakahama. Kila Jumapili mdogo mtu alikuja na trei iliyofunikwa kitambaa safi, na mama akainuka kumpokea mlangoni, kwa miguu ileile isiyofika bafuni bila kushikiliwa.

"Huyu ndiye anayenikumbuka," mama aliwaambia majirani. "Wengine wana kuku uani, yai hulioni."

Fundi, aliyekwisha kumwogesha, kumsuka na kumpikia uji, alikata uzi kwa meno akaendelea kushona.

Alimwita daktari wa mifugo. Daktari akawapapasa kuku tumbo, akawachungulia macho, akafunga mkoba wake.

"Wazima hawa, dada. Wanataga vizuri sana. Shida yako ni usafiri."

"Hakuna dawa?"

"Hakuna. Kuna mzee mmoja, ng'ombe wake anakamuliwa kwake, maziwa yanajaa kwa kaka yake. Ameshazoea."

Fundi hakuzoea. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki: akimeza unachoma, akitema hautoki. Alianza kuwachukia kuku wenyewe. Walikula kwake wakashukuru kwingine. Asubuhi moja aliwanyima maji makusudi, akakaa kwenye cherehani akiwapa kisogo. Hawakupiga kelele. Walizunguka chombo kikavu wakimtazama mgongo, na jua lilipoanza kukaza alishindwa, akanyanyuka na ndoo, akiwatukana huku anawamiminia.

Ndipo akavaa viatu akaenda kwa mdogo wake.

Mdogo mtu alimkaribisha jikoni. Walikuwa wamekaa wakinywa chai yai lilipotua bakulini, likagonga wenzake taratibu. Hakuna aliyegeuka. Fundi alilijua kwa rangi. Lilikuwa la Mwanasheria.

"Mimi siyaiti, dada," mdogo mtu alisema. "Yanakuja tu. Niyatupe?"

"Usitupe. Mwambie mama yametoka wapi."

"Unadhani sijaona aibu? Kila nikitaka kusema, ananishika mashavu, ananiita taa yake. Ulimi unakufa."

"Mimi hajawahi kunishika mashavu," fundi alisema.

Mdogo mtu akatazama kikombe chake. "Najua, dada. Jumapili nitasema."

Na kweli alisema. Aliitua trei mezani, akapiga magoti mbele ya mama, akaeleza yote bila kuficha: kuku ni wa dada, chakula ni cha dada, jasho ni la dada, yeye anaokota tu. Fundi alisimama nyuma yake kama mtahiniwa anayesubiri jina lake lisomwe.

Mama alifunua kitambaa, akachagua yai moja.

"Najua," alisema. "Dirisha langu linatazama banda. Kila asubuhi nawasikia wakitetea. Mnadhani magoti yakiugua na masikio yanakufa?"

"Sasa mama, mbona unamsema dada kwa watu?"

"Si kumsema. Yakitoka kwako yananoga, basi." Akamgeukia fundi, bila ukali wowote. "Nawe usinune, wewe ndiye mkubwa. Nichemshie hili. Yule akichemsha, kiini kinakuwa kigumu."

Mdogo mtu alilia kidogo, akajifuta kwa kile kitambaa, kisha akaanza kusimulia habari za kazini, na mama akacheka hadi akakohoa.

Fundi alilichemsha yai. Akalimenya polepole lisichubuke, akalitia chumvi kiasi, akampa mama mkononi. Mama alikula akiwa amefumba macho.

"Mwanangu ana mkono wenye baraka," alisema, naye hakuwa akimaanisha fundi.

Jioni fundi alikusanya maganda, akayakausha motoni, akayatwanga na kuyachanganya kwenye pumba. Kuku wasiokula maganda hutaga mayai yenye ganda laini, na mayai laini yangefika kwa mdogo wake yamepasuka.