Mahali pa Mkono wa Mpita Njia

...na asinibishie mtu, nilikuwepo, kwa macho yangu haya mawili, pale Simbo kwa Bibi Honorata, penye kukamulia mawese, jua linawaka mpaka mijusi inagombea kivuli cha sufuria, na nilisimama karibu na Gervasi kiasi kwamba mawazo yake yalikuwa yanafurika yananimwagikia begani, ndiyo maana nayajua yote hata yale aliyomficha mkewe, na wazo lililokuwa juu kabisa lilikuwa hili, nyamaza, Gervasi, meza ulimi, usiwaambie washike wapi, kwa sababu Bibi Honorata ameshamwaga ndoo ya mwisho ya chikichi za moto ndani ya mashine mpya, mvuke umempanda usoni, na Yunisi, yule msukumaji wake mfupi mwenye maneno marefu, anakaza kitenge kiunoni, sasa hivi wataanza, na yeye fundi, aliyeichomelea mashine hiyo kwa mikono yake kule Ujiji, amesimama pembeni na spana mkononi kama mkwe aliyefika kabla ugali haujaiva... nyamaza... "Fundi," anasema Yunisi, "mbona jasho linakutoka wewe, na tunaosukuma ni sisi?" na Bibi Honorata anacheka, "Muache mtoto wa watu, Yunisi, hajanywa chai," na Gervasi anajichekesha, meno mawili tu, kwa sababu akifungua mdomo wote maelezo yatatoka mbio kama mbuzi walioona zizi wazi, na mashine yenyewe haina hata uchawi wa kuelezwa, ni pipa la chuma lenye matundu, katikati parafujo nene kama paja la beki wa timu ya bandari, juu yake bomba refu la kusukuma, mnazunguka nalo, parafujo inashuka, sahani ya chuma inabana chikichi, mawese yanatoka chini mekundu mpaka jogoo anaona kilemba chake ni aibu, basi, mtu yeyote anaona... ila anaona kweli? au anaona Gervasi tu kwa kuwa amelala na mashine hiyo kichwani miezi na miezi, mpaka Recho mkewe akamwambia bora ningejua ana jina gani huyo mwanamke nikamtukane, maana mashine nitaitukanaje...

Ile ya kwanza, ee Mungu, ile ya kwanza ilikuwa na usukani. Usukani wa lori, na gia, na kiti, kiti chenye sponji, mtu mmoja anakaa kama dereva wa safari ndefu, anazungusha kwa kidole, laini, laini kiasi kwamba Gervasi alitangaza mwalo mzima wa Ujiji kwamba hata kuku akipewa mshahara ataiendesha, akaileta hapahapa, na wakaisifu, oo, walivyoisifu, Bibi Honorata alishika usukani akasema hongera baba, una akili za kutisha, Yunisi akapiga vigelegele watu wa Kongo ng'ambo ya ziwa wakadhani kuna harusi wakaanza kuvaa, na Gervasi akarudi nyumbani kichwa kimevimba mpaka akaingia mlangoni kwa ubavu, akasema Recho, sasa umeolewa, na Recho akasema kumbe siku zote nilikuwa nimeazimwa... na alipokuja tena baada ya mwezi akakuta nguo za watoto zimeanikwa kwenye usukani, kuku ametaga kwenye kiti cha sponji, labda ndiye yule aliyeahidiwa mshahara, na wanawake wako kwenye mashine yao ya zamani yenye mti wa mkaratusi, nzito, inalia kama fisi mwenye jino bovu, wanaisukuma, wanacheka, na hakuna aliyemwambia kwa nini, wakamkaribisha muhogo wa kuchoma, wakaisifu mashine yake tena, nzuri sana baba, nzuri mno... hilo neno nzuri, siku ile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki kuhe, mpaka leo akiambiwa nzuri anatazama kwanza kama kuna nguo zimeanikwa.

Sababu haikumwingia masikioni, ilimwingia miguuni, kwa maana aibu ilimzidi akaomba naye asukume ule mti wa zamani, afiche uso kidogo, na wakati anazunguka akapita mwanamke ana kuni kichwani, akazitua, akasalimu, "Mwakeye," akaweka mkono kwenye mti, akazunguka nao, akasema habari ya mgonjwa wao, Bibi Honorata akachovya kipande cha muhogo kwenye mawese mapya akampa, akajitwika akaenda, halafu akapita mzee wa kanisani, naye hivyohivyo, mkono, mizunguko, habari, muhogo, na Gervasi anazunguka huku anahisi kitu kinamshuka kutoka utosini, kwa sababu haya mambo anayajua, amezaliwa nayo, huku mtu hapiti penye mawese bila kugusa mti, ukipita bila kugusa wataulizana usiku una ugomvi gani na nyumba hii, mama yake mwenyewe alimfinya kwa hilo akiwa mdogo, na yeye, na akili zake za kutisha, akatengeneza mashine ya mtu mmoja, akawafukuza watu wa njia nzima kwa adabu, mpita njia ashike wapi? ashike sikio la dereva?... uzito ule alioutoa ndio uliokuwa unawaita watu, na yeye aliuona uzito tu, watu hakuwaona.

"Bibi, tuanze," anasema Yunisi, "fundi asije akazimia tukapata kesi," na wanaweka mikono... pale... aa, hapana, Yunisi kashika mbali sana, mwambie asogee, nyamaza, si upande huo, upande wenye raba, raba ya tairi la bajaji ameizungushia bomba mahali panapopata jua ili lisiwaunguze viganja, na upande wa pili ameushusha chini kidogo kwa ajili ya wafupi, kwa ajili ya Yunisi hasa ingawa hawezi kumwambia maana atauawa, na Yunisi anajaribu juu, anajaribu katikati, kisha mkono wenyewe, bila kuuliza mtu, unateleza mpaka pale palipopinda, unakaa, kama kuku anavyokaa kwenye mayai yake, na bomba linaanza kwenda, polepole, zito kiasi, siyo laini, ameliacha zito kiasi makusudi, uzito wa watu wawili wenye hamu ya kuongea... Gervasi pumua... yule mtaalamu Nehemia, aliyeletwa kazini Kigoma kutoka Moshi, kwenye semina ya mafundi pale mjini, alisema chombo kikianza kutumika wewe kaa kimya, hicho ndicho kitakuambia, usikisemee, na Gervasi alicheka kuliko wote, akamwuliza mheshimiwa, sasa mashine itaniambia kwa Kiha au kwa Kiswahili, watu wakaangua kicheko soda zikawatoka puani, na Nehemia naye akacheka, akasema itakuambia kwa mikono ya watu, na Gervasi akayaona hayo ni maneno ya mtu mwenye posho, kumbe, kumbe jamani, mtu anaweza kuwa na posho na akasema kweli...

Na kujiamini, kujiamini kwenyewe kunatoka wapi, alidhani watu wanazaliwa nako kama vidole, maana yeye kwenye ile ya kwanza alikuwa nako kwa madebe, angekigawia kijiji kizima na kungebaki, na kote kulikuwa hewa, kama puto, na kwenye hii ya pili alianza hana hata kijiko kimoja, bomba la kwanza likapinda, akasema nimekwisha, asubuhi akaamka akakuta hajafa, la pili likapinda, hajafa tena, la tatu lilipopinda alichukua tu chaki akaweka alama palipopindia, na siku hiyo Recho akamwangalia akasema leo umerudi na mabega yako mwenyewe, na hakuelewa, alidhani anataka hela ya sabuni... lakini leo hayo mabega hayapo, kwa sababu mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Mwanga anataka jibu leo jioni, kazi ya magrili ya madirisha, ya kudumu, ua lilelile, dirisha kwa dirisha mpaka uzeeni, na Gervasi ameapa moyoni kwamba wanawake hawa wakiikataa na hii atakwenda kwenye magrili na hatabuni tena hata mwiko, atawapindia watu maua ya nondo mpaka Kigoma yote iwe bustani...

...na ile bolti, Mungu wangu, ile bolti, ameiona sasa hivi inapita mbele ya macho yake, imechomoza nje ya bomba kidole kizima, umeme ulikatika jana kabla hajaikata, akasema nitaikata kesho, akasahau, na sasa inazunguka na bomba pale juu, inapita, inakwenda, inarudi, kila ikirudi imerefuka, mara ya nne ilikuwa kama mkuki, akaapa Bibi Honorata atachanika gauni la Jumapili, na si la Jumapili leo ni Jumanne... asimamishe? aseme subirini? "Fundi, unafuata nini na macho, umeona simba?" Yunisi huyo, na Gervasi anasema, "Hapana dada, sukumeni tu," sauti imemtoka nyembamba kama ya mbu, na hapo ndipo kengele ya baiskeli ikalia njiani, Mwinshehe, muuza dagaa wa Ilagala, gunia nyuma, redio ndogo imefungwa kamba kwenye usukani, anaongea kabla hajafika kama kawaida yake, "Mwakeye jamani, ziwa limekasirika huko, dagaa wenyewe wanaomba nauli," anaegesha baiskeli, na Gervasi anaacha kupumua kabisa, nilimwona mimi, kifua kilisimama, kwa sababu hii ndiyo yenyewe, mambo yote mengine ni chuma, hii ndiyo mashine, atashika? ana mahali? Ataona mahali bila kuonyeshwa? akisimama tu pembeni akasema nzuri, hongera, basi, magrili... "Dagaa hao bei gani?" Bibi Honorata hageuki hata, na Mwinshehe anajibu, anabishana, anafungua redio yake kwenye baiskeli, anakuja nayo, na huku bei iko mdomoni mkono wake unaitundika redio kwenye bolti, kwenye ile bolti, kamba imeingia yenyewe kama ilipimwa, na mkono mwingine umekwishashika bomba, si penye raba, si palipopinda, mwisho kabisa, pale penye tundu la kufungia kamba ambapo Gervasi hakumpangia mtu yeyote, na anasukuma, hakuangalia alichoshika, hakusema hiki ni nini, wala hakujua kwamba ni mpya, au alijua ikampita, watu watatu wanazunguka na redio inazunguka nao, inatangaza vifo na salamu, sauti inakuja kubwa, inakwenda ndogo, inakuja, inakwenda, na mawese yameanza chini, tone, tone, uzi, "Umeniongezea bei kwa sababu ya redio," anasema Yunisi, "Nimekupunguzia kwa sababu ya ufupi," anasema Mwinshehe, na wanacheka wote, na Gervasi anagundua kwamba hawamwangalii, hakuna anayemwangalia, hakuna anayeiangalia mashine, imepotea, imekuwa kama ardhi, nani huisifu ardhi akiikanyaga... na kifua kikafunguka, na badala ya kungoja neno akajikuta anafikiri kuhusu ule mwisho wa bomba, kwamba pale aliposhika Mwinshehe pangefaa raba pia, na bolti aiache, hapana, azitengeneze nne, za makoti, za vikapu, na kwa mashine ya tatu ile sahani ya chini inaweza kuinama zaidi mawese yasilale... ya tatu... umesikia anasema ya tatu? jibu la mwenye duka lilikuwa limeshatolewa humo ndani na hakuna aliyelitoa, maua ya nondo yote yakamnyaukia kichwani bila kelele, na wenzake bado wanazunguka, jua lipo palepale, na Bibi Honorata alipofika usawa wake akasimamisha bomba, akamshika Gervasi mkono kwa mikono yake miwili yenye mafuta, akasema mbele ya watu, "Mwanangu, safari hii umetutengenezea kitu."

Haya, hapo mwishoni nimetia chumvi. Redio ni kweli, bolti ni kweli, hata yule kuku wa sponji nitamleta mkimtaka, ila hilo la kumshika mkono na kumsifu nimelitunga mimi, maana naona huruma fundi kuondoka bila neno. Bibi Honorata hakusimamisha kitu. Alipofika usawa wake alisema, "Sogea baba, umesimama njiani," na Gervasi akasogea, wakapita.