Mibuni Isiyohesabiwa

Kwa mara ya nne, programu ya simu ya wakulima wa kahawa ilimuuliza Akeno swali lilelile: una mibuni mingapi? Akeno alisonya. Kwao mifugo haihesabiwi, maana kuhesabu ni kuita msiba, na mibuni yake hapo Lodwar, kando ya mto Turkwel, ambako wengi walisema joto halifai kahawa, aliilea kama mbuzi. Kila mmoja ulikuwa na jina. Lakini bila idadi simu haikumruhusu kuomba ushauri, na majani yalizidi kunyauka.

"Si uweke namba yoyote tu," mumewe Ethuro akasema.

"Nidanganye, halafu nitibiwe uongo?"

Akapita shina kwa shina kwenye jua kali, akipiga picha na kuandika jina chini ya kila moja: Madoa, Pembe Moja, Mkaidi. Akazituma zote moja kwa moja kwa namba ya bwana shamba wa programu hiyo, aliyeko Kitale.

Jioni bwana shamba akapiga simu, amekereka. "Mama, tunataka idadi. Hizi picha zote za nini?"

"Fungua ya Mkaidi."

Akaifungua.

"Huyu majani yameungua kingo. Amezidiwa na chumvi ya udongo," akasema polepole. "Pembe Moja pia. Na Madoa, yeye anaendeleaje?"

"Sasa umewajua," Akeno akasema. "Niambie dawa."