Dakika Zilizotupwa

Pale mamlaka ya maji walimwita Desimali, naye hakuwa na la kulalamika. Mwanamke anayerudisha ripoti nzima kwa sababu nukta imekaa pabaya hawezi kutarajia jina la mapenzi.

Programu ya mafuta aliiandika yeye, miaka kumi na moja iliyopita. Kila mwisho wa mwezi ilisoma dakika ambazo kila pampu ilifanya kazi siku kwa siku, ikazigeuza kuwa saa, kisha ikasema ni lita ngapi za dizeli zilipaswa kuungua. Aliyetumia zaidi aliitwa kujieleza. Safari hii aliyeitwa ni mwendesha pampu namba nne, mume wa mdogo wake. Lita mia moja arobaini na sita hazikujulikana zilikokwenda. Alikuwa amesimamishwa kazi, na Alhamisi angekaa mbele ya kamati.

"Shemeji, hiyo mashine yako ina chuki na mimi," alimwambia siku ya Jumapili, mezani kwao, akijaribu kucheka.

"Kompyuta haina shemeji," alijibu Desimali. Mdogo wake akamwondolea sahani kabla hajamaliza kula.

Jumanne zikaletwa kompyuta mpya, zenye toleo jipya la lugha ya programu, na programu yake ya mafuta ikagoma mstari wa kwanza tu. Hakushangaa. Akaweka mabano kwenye kila amri ya kuchapisha, akabadilisha namna ya kufungua mafaili, akaibembeleza mpaka ikakubali. Kisha akaijaribu kwa dakika za mwezi uliopita, akalinganisha majibu na karatasi za zamani.

Karibu kila mstari ulikuwa tofauti.

Akachukua siku moja ya pampu namba nne: dakika 470. Karatasi ilisema saa saba za kazi, kwa lita sita kila saa, lita 42. Skrini ilisema lita 47. Akagawanya kwa kalamu, akarudia. Skrini ilikuwa sahihi. Toleo la zamani, likigawanya namba nzima kwa namba nzima, lilitupa baki kimya kimya. Zile dakika hamsini zilizozidi saa saba hazikuhesabiwa, ilhali dizeli yake iliungua kweli. Jambo hilo lilielezwa wazi kwenye kitabu cha lugha hiyo. Kitabu alikuwa nacho kabatini. Hakukisoma vizuri.

Kwa mwezi mzima, shemeji yake alikuwa amezidisha lita mbili.

Meneja alimsikiliza akiwa amesimama.

"Fundi wa kompyuta anasema ukiongeza alama moja tu ya kugawanya, namba zinarudi kama zamani."

"Zinarudi."

"Basi ongeza. Ripoti za miaka kumi na moja zina sahihi yangu, mama. Unataka nizimeze?"

"Pa kuziweka utajua mwenyewe. Alama hiyo siiongezi."

"Programu aliiandika nani? Ukimwokoa shemeji yako unajizika mwenyewe."

"Hapo umepiga hesabu vizuri."

"Hii ni amri, Desimali."

"Iandike basi, uitie sahihi, kama zile nyingine."

Hakuiandika.

Alhamisi Desimali aliingia kwenye kamati bila kubisha hodi.

"Hukuitwa," alisema mwenyekiti.

"Najua." Akaweka mezani karatasi mbili, ya zamani na mpya, akampa penseli. "Gawanya mwenyewe. Mia nne sabini kwa sitini."

Mwenyekiti aligawanya, midomo ikicheza. "Saba. Inabaki hamsini."

"Hiyo hamsini tumeitupa. Baki la kila siku, la kila pampu, tumelitupa. Kosa ni langu, na barua yangu ya kukiri iko chini ya hizo karatasi."

Mwendesha pampu aliinua kichwa. "Kumbe mashine haikuwa na chuki. Ni wewe."

"Ni mimi, shemeji."

Meneja alikohoa. "Basi kijana arudi kazini kesho, yaishe. Hakuna haja ya kupeleka maneno nje."

"Hayajaisha," alisema Desimali. Akafungua mkoba, akatoa mafaili mawili yaliyokuwa na vumbi, ya waendesha pampu wawili waliofukuzwa miaka ya nyuma kwa wizi wa dizeli. Mmoja alikuwa amefanya kazi pale miaka ishirini. Meneja alinyoosha mkono kuyachukua. Desimali akayavuta upande wake wa meza, akafungua la juu kwenye ukurasa wa dakika, akamsogezea mwenyekiti.

"Penseli unayo," alisema. "Anza na huyu."