Siku Kumi za Sajini

Mbwa wangu Sajini alimng'ata Fahim Jumatatu asubuhi, siku mbili kabla ya daktari kuja kumuua. Tangu saa hiyo ikawa marufuku kwake kufa.

Ngoja nieleze vizuri. Sajini alikuwa na miaka kumi na minne, na kwa mbwa huo ni uzee wa kupitiliza. Macho yameingia ukungu, masikio hayasikii, miguu ya nyuma anaiburuta, na figo zimechoka kabisa. Daktari wa mifugo anayezunguka hapa Komarock, anaitwa Matheka, aliniambia kwa upole kwamba tunamtesa bure. Tukakubaliana aje Jumatano na ile sindano ya kulala moja kwa moja. Nililia nikamaliza. Nilimnunulia hata maini, yeye aliyezoea mifupa.

Sasa Jumatatu hiyo Fahim, jirani yangu mlango wa pili, akapita ujiani na mtungi wa gesi begani. Hakumwona mzee amelala, akamkanyaga mkia. Mbwa kipofu akikanyagwa usingizini haulizi ni nani. Alimng'ata kifundo cha mguu mpaka damu ikajaa kwenye kandambili. Ruqaiya, mke wa Fahim, akatoka mbio na tumbo lake la miezi saba, na majirani wakatokeza milangoni. Ruqaiya akaniuliza mbele yao wote kama huyo mbwa amechanjwa.

"Amechanjwa," nikasema. "Mwaka huu. Kadi iko ndani."

Ulikuwa uongo mtupu. Kila mwaka wanakuja kuchanja mbwa bure kwenye uwanja wa shule, na kila mwaka nilimpeleka Sajini kwa kamba, tena nikijidai. Lakini mwaka huu hakuweza kutembea. Ingebidi nimsukume kwa wilbaro, kutoka hapa mpaka shuleni, nikipita mbele ya maduka yote. Mimi, Khavere, Mama Lorine, mwenyekiti wa akina mama kanisani, nisukume mbwa kama gunia la viazi watu wakinicheka? Nikajiambia mzee haendi popote, huo ugonjwa wa kichaa cha mbwa ataupatia wapi. Kiburi tu, hakuna lingine.

Fahim alikwenda zahanati. Walimwosha kidonda kwa sabuni, wakamdunga sindano ya kwanza, wakamwambia zilizobaki atafute kwingine, hapo zimekwisha. Halafu muuguzi akauliza habari za mbwa. Fahim akajibu kwamba amechanjwa, kadi ipo. Basi akaambiwa mbwa afungwe, aangaliwe siku kumi. Akimaliza siku kumi yuko sawa, hana kichaa. Akibadilika tabia, au akifa, Fahim asingoje hata saa moja kutafuta sindano zilizobaki.

Jioni akaja kunieleza haya yote akichechemea, na kabla ya kuondoka akanishukuru kwa kuwa mtu mwangalifu. Aki ya nani, afadhali angenitukana.

Nikampigia Matheka kumwambia Jumatano asije na sindano yake, aje na dawa ya maumivu na maji ya kumwongezea mbwa. Alipouliza kama chanjo ya mwaka huu nilimpeleka, nikasema simu inakatikakatika.

Nilichokuwa sijui ni kwamba uzee na kichaa vinafanana namna hii. Mbwa mwenye kichaa hutoka mate. Sajini wangu mate yalikuwa yanamtoka tangu Pasaka. Mwenye kichaa hulegea miguu. Huyu wangu alikuwa ameshalegea. Mwenye kichaa hukataa maji. Kwa hiyo nilikaa na bakuli la maji siku nzima kama mtu aliyerogwa. Akinywa, nafurahi. Akiacha, moyo unaniruka. Na kila asubuhi Fahim alisimama mlangoni, mbali kidogo, akauliza swali lilelile, kama yuko hai. Nikamwambia yuko hai, amekunywa. Akaenda kazini kwake, kiwanda cha plastiki, akiamini kadi ambayo haikuwepo.

Wacha niseme ukweli wote, maana nimeshaanza. Kuna sehemu yangu iliyofurahi. Nilikuwa nimeambiwa nimuage Jumatano, na sasa Jumatano imepita na mbwa wangu bado yuko kwenye gunia lake, na hakuna anayeweza kuniambia namtesa, kwa sababu ni amri ya zahanati. Usiku alilia kwa maumivu, mimi nikamsugua mgongo nikimwambia avumilie, ni kwa ajili ya jirani. Mwongo mimi. Nusu ilikuwa kwa ajili yangu.

Jumapili, siku ya sita, Sajini akakataa maji. Nilimletea bakuli, akageuza uso. Nilimlowesha midomo kwa kitambaa, akatetemeka. Sikwenda kanisani. Nilikaa sakafuni nikimtazama, na nikawaza Fahim akitetemeka hivyo hivyo, na Ruqaiya akijifungua peke yake. Saa nne nikavuka ujia, nikabisha, na Ruqaiya aliponikaribisha sikuketi.

"Fahim, mbwa hajachanjwa mwaka huu," nikasema. "Kadi ya mwaka huu haipo. Niliwadanganya. Na leo amekataa maji."

Jameni, nilitarajia kelele. Ruqaiya alishika tumbo lake tu. Fahim akavaa viatu, akachukua kitambulisho na akaondoka. Alizunguka hospitali mbili mjini kabla ya kupata dawa. Alirudi magharibi, mkono umebandikwa plasta, akapita mlangoni kwangu kama sipo.

Jumatatu asubuhi akaingia ndani kwangu bila kubisha. Hakunisalimu. Alimsalimu mbwa. Akachuchumaa, akakunja mikono ya shati, akachukua kijiko mezani na kuanza kumtilia Sajini maji kando ya mdomo, tone kwa tone. Mimi nilisimama pale na aibu yangu. Ninajua wao, Waislamu, hawagusi mate ya mbwa. Alipomaliza akaenda bombani ambako Ruqaiya alikuwa amemwekea kopo la mchanga safi, akaosha mikono mara saba, moja kwa mchanga, kisha akaenda kazini. Jioni akarudi, kijiko tena, mara saba tena.

Hakuwa akifanya hivyo kwa huruma, nisikudanganye. Sindano zilikuwa zimechelewa, na alitaka kujua. Mbwa akifa kabla ya Alhamisi, siku ya kumi, angebaki na swali hilo miezi na miezi, kila akiumwa kichwa. Njia nyingine ya kujua, Matheka alituambia, ni kukata kichwa cha mbwa na kukipeleka kupimwa. Fahim akarudi kwenye kijiko chake.

Kwa hiyo tukawa watu wawili tusiosemezana, tunalinda uhai wa mbwa mmoja anayetaka kufa. Matheka alikuja Jumatatu na Jumanne, akamwekea maji chini ya ngozi. Jumatano pumzi ilianza kukatika. Akivuta moja, tunangoja. Akivuta nyingine, nasi tunapumua. Fahim hakwenda kazini siku hiyo. Alikaa upande wa kichwa, mimi upande wa miguu, na nikamsikia akimnong'oneza.

"Bado, mzee. Kesho nenda. Leo bado."

Alhamisi palipokucha Sajini alikuwa hai. Si hai tu. Alinyanyua kichwa, akanywa maji mwenyewe, akapiga mkia sakafuni mara mbili. Ruqaiya, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaanza kulia kwa sauti. Matheka alifika saa tatu, akamkagua macho, mdomo, miguu, akasema hakuna kichaa hapa, ni figo na uzee tu. Fahim akafunika uso kwa mikono miwili.

Halafu Matheka akafungua mkoba na kutoa ile sindano nyingine.

"Ngoja," nikamwambia. "Umemwona amepiga mkia. Amekunywa mwenyewe. Mpe wiki moja, daktari. Amepata nafuu."

Matheka alimtazama Fahim, kana kwamba mbwa alikuwa wake. Nami nikamgeukia Fahim, nikitumaini, Mungu anisamehe, kwamba ataniunga mkono, maana yeye ndiye aliyempigania siku zote hizo.

Fahim aliweka kiganja juu ya kichwa cha Sajini. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akanitazama usoni.

"Mama Lorine, siku kumi hizi ameteseka kwa uongo wako na kwa woga wangu," akasema. "Mimi woga wangu umekwisha. Usimdanganye na yeye."

Nilipiga magoti, nikamshika Sajini mguu wa mbele ili Matheka aone mshipa, na Fahim akaweka mkono wake juu ya wangu.

Sindano ilipoisha, aliondoa mkono wake.

"Leo tumzike," akasema. "Mimi na wewe tutaongea kesho."