Bei ya Mwenyeji

Mfanyabiashara wa kunilangua mimi hajazaliwa, na mama yake bado yuko chekechea. Nilimwambia hivyo shangazi tangu tunavuka mpaka, naye amekumbatia pochi yake kama kichanga.

Shangazi ni fundi cherehani. Ada yangu yote ya sekondari ilipita chini ya sindano yake. Sasa alikuwa amepata kazi ya kudarizi beji za sare za shule, na tulisikia ng'ambo mashine za kudarizi ni rahisi. Akiba yake ilitosha kununua moja na kuisafirisha hadi nyumbani, basi. Tukilanguliwa, mashine ingebaki huko, na kazi ingeenda kwa fundi mwingine.

Dukani tuliikuta moja tu, imetumika kidogo. Shangazi akaipapasa kama anamkaribisha mkwe. Nikamvuta nje upesi, nikamweleza kwamba uso wake unapandisha bei. Aniachie pochi, aende akanisubiri mgahawani. Akaniita profesa, akaenda.

Nikarudi dukani. Muuzaji akataja bei, nikacheka. Akashusha, nikapiga miayo. Nilikuwa nimeshageukia mlango, ule mtego wangu wa siku zote, ndipo akaingia jamaa mnene mwenye kofia, akaulizia mashine ileile. Akatajiwa bei ndogo kuliko yangu. Bei ya mwenyeji hiyo.

Damu ikanichemka. Nikapanda juu yake kidogo. Naye akapanda. Nikapanda tena. Muuzaji alikuwa anatuangalia kwa zamu kama mtazamaji wa mpira, mikono kifuani, amani tele. Tulipoipita bei niliyoicheka mwanzo, jamaa alinikodolea macho, akatikisa kichwa, akatoka. Nilishinda. Muuzaji akaifunga mashine kwa upendo wa ajabu, akanipa na kamba bure.

Njiani ndipo nikaipima pochi kwa mkono, ushindi ukaanza kuniwasha.

Mgahawani nikaliweka boksi chini ya meza, nikamwambia shangazi nimemkaba muuzaji mpaka amenihurumia. Bei niliyomtajia niliikata kidogo. Kidogo si sana, karibu nusu. Nilikuwa na simu yangu, ningeiuza, pengo lingezibika, naye asingejua. Shangazi akanishika shavu mbele ya watu, akasema kumbe hakupoteza pesa kunisomesha. Akanimiminia chai kwa mkono wake.

Jamaa mwenye kofia akaingia. Akaja moja kwa moja kwenye meza yetu, anajifuta jasho.

"Mama, nisamehe. Nimezunguka hata maduka mengine, hakuna. Nilikuwa nimeshaipata kwa bei yetu ya hapa, akatokea kijana mmoja, sijui katoroka wapi. Kapandisha mpaka hata mpya hainunuliwi hivyo."

Shangazi akanigeukia, kama anayeomba radhi. "Huyu kaka ni dereva wa teksi. Nilimtuma anitafutie bei ya mwenyeji. Sikukwambia, mwanangu, nisikuvunje moyo."

Nikainama kwenye kikombe, nikanywa chai ambayo ilikuwa bado inachemka.

"Kijana wa namna gani?" shangazi akamuuliza.

Dereva aliangalia boksi, akaniangalia mimi, kisha akavua kofia taratibu, kama mtu aliyefika msibani.

Shangazi akausogeza mkate mbele yangu.

"Kula kwanza, profesa," akasema. "Ukishiba utaniambia bei."