Yale Ambayo Usumani Hakuyasema

Harriet ndiye aliyenipa daftari. Ni nesi, jirani yetu wa ukuta mmoja hapa mtaani Rwezamenyo, amekulia Uganda. Tangu mume wangu Usumani afariki, alikuwa akinisikia nikizungukazunguka ndani, usingizi umenikataa.

"Andika kila siku," aliniambia. "Lolote lililo moyoni. Ila usimwandikie mtu, sawa? Jiandikie mwenyewe."

Nilikuwa kwenye eda. Kwetu Waislamu mjane hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hatoki bila dharura, kwa hiyo muda nilikuwa nao. Niliishia sekondari na mwandiko wangu si mbaya. Nikaanza na mambo madogo: jinsi Usumani, fundi cherehani, alivyoongea na wateja huku pini ziko midomoni, jinsi alivyokunja mashati mapya mikono ikiingia ndani. Niliogopa kuyasahau.

Mama mkwe wangu alikuwa akija kila siku baada ya swala ya alasiri. Siku moja alinikuta ninaandika.

"Unaandika nini?"

"Namwandika Usumani, Mama."

Akaketi mkekani, akavuta kanga yake. "Basi nisomee mwanangu."

Hakuwa na mtoto mwingine. Ningemkatalia vipi?

Mama alisoma chuo cha Kurani utotoni. Herufi zangu za Kizungu hazijui. Lakini alifundishwa kwamba maandishi hayarukwi. Nilipokuwa nikisoma, aliweka kidole chini ya kila mstari, akakipeleka kutoka kulia kwenda kushoto, na nikinyamaza kabla kidole hakijafika mwisho wa ukurasa alisema, "Bado. Hapa kuna kitu." Siku niliyoandika mistari miwili tu alinicheka. "Leo kuku amepita kwenye karatasi mara moja, akaenda zake!"

Harriet aliposikia alishika kiuno. "Wewe Mukunde! Nimekupa dawa, wewe umefungua redio."

Nilicheka naye. Nilidhani hakuna ubaya.

Mwezi wa pili wa eda Mama aliniuliza kwa nini sijaandika asubuhi ile ya mwisho. "Alisema nini? Mtu hatoki kwake akaenda kufa bila kusema kitu."

Nikainama, nikaandika palepale mbele yake, kisha nikamsomea: *Usumani alisimama mlangoni akasema, Nisalimie Mama, mwambie nikirudi nitapitia kwake.*

Mama alijifunika uso kwa kanga. Alipotoka aliwasimulia wa kwanza aliokutana nao, na kesho yake Générose wa dukani aliniita juu ya ukuta: "Yooo! Mtoto wa kiume kumkumbuka mama hivyo! Wangu hata nikimwita hageuki."

Usumani hakusema hivyo.

Asubuhi ile tulikuwa na siku tatu hatuzungumzi. Alikuwa amechanganya vitambaa kwenye meza ya kukatia, akakata kitenge alichoniachia marehemu mama yangu, akakifanya gauni la mteja. Aliomba radhi, sikutaka kuisikia. Siku hiyo akauliza, "Mukunde, futi yangu ya kupimia umeiona?" Nilikuwa nimeikalia. Nilijua nimeikalia. Sikujibu. Alitafuta, akainua mabaki ya vitambaa kimoja kimoja, halafu akacheka kidogo peke yake na kusema, "Haya, nitaazima kwa Mugenzi." Mugenzi ni fundi mwenzake wa mtaa wa pili, Gitega. Usumani alianguka njiani akienda kwake. Moyo, walisema hospitali.

Hilo sikuliandika. Ningeliandika, kidole cha Mama kingelikuta.

Kila alasiri akataka nirudie ukurasa wa salamu. Nikausoma mara nyingi kiasi kwamba nilianza kumwona Usumani mlangoni, akizisema. Kicheko chake kile kidogo kikaanza kunipotea. Nilikuwa nikikitafuta, nakuta salamu. Mume wangu wa kweli alikuwa anaondoka, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtoa, kwa mkono wangu mwenyewe.

Zikabaki siku tatu eda yangu iishe. Mama akaniambia, "Siku ya dua ya kumaliza eda utawasomea wanawake ule ukurasa. Wote wausikie."

Nikamwona Usumani yule wa salamu akikaa katikati ya watu wote, na yule mwingine akikosa mahali pa kukaa. Kesho yake asubuhi niliandika kila kitu: kitenge, siku tatu, futi, kicheko. Alasiri Mama alipoketi, niliufungua ukurasa huo. Niliusoma mpaka kidole chake kikafika chini.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.

"Kwa hiyo hakunitaja."

"Hakukutaja, Mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nje mtu alikuwa anapiga honi ya pikipiki, akimwita abiria wake.

"Na wewe ulikuwa umeikalia."

"Ndiyo, Mama."

Akalifunga daftari mwenyewe. Akavaa kandambili zake, ya kulia mguu wa kushoto, akaondoka hivyohivyo. Sikuthubutu kumwambia.

Kesho yake hakuja. Siku ya dua pia hakuja. Wanawake waliketi, dua ikasomwa, Générose akaniuliza Mama anaumwa nini. Nikamjibu, "Haumwi. Nimemuumiza."

Kicheko kilirudi. Kilirudi siku ileile niliyoandika, na pamoja nacho mikono yake ikiinua vile vitambaa. Usingizi ule alionitakia Harriet sikuupata. Nilimpata Usumani tu, jinsi alivyokuwa, na mimi jinsi nilivyokuwa nimekaa.

Siku ya kwanza ya kutoka nje nilikwenda kwa Mama, nyumba yake ya mteremkoni, chini ya msikiti. Alinifungulia.

"Umekuja na daftari?"

"Nimeliacha nyumbani."

"Kaa."

Alikuwa anachambua maharage. Nikavuta ungo upande wangu, tukachambua pamoja mpaka yakaisha. Hakusema neno juu ya Usumani, nami sikumwomba msamaha. Sikujua nianzie wapi. Aliponipa chai niliipokea kwa mikono miwili.

Niliporudi nyumbani niliandika: *Leo nimetoka. Nimekwenda kwa Mama. Hakunitazama usoni. Chai yake haikuwa na sukari, na anajua natia vijiko vitatu. Nimeinywa yote. Sijui kama alisahau au alikusudia. Aliponisindikiza mlangoni hakuniambia nirudi, wala hakuniambia nisirudi.*